Kuanzia Sehemu ya Tatu

Jumatatu, 26 Mei

Ligi za Ulaya zimeisha jana, na leo kibanda umiza chetu cha kuonyeshea mpira na filamu kimekuwa kama kanisa siku ya Jumanne. Mabenchi matupu, televisheni imezimwa, mjomba Simeoni amekaa mlangoni anakata kucha. Kibanda ni chake, mimi ni mdomo wake. Hapa Ilongero wananiita DJ Alu, kwa sababu filamu yoyote ya nje ikiingia mimi ndiye ninayeshika maiki na kuisimulia kwa Kiswahili, na spika ya nje inapeleka sauti mpaka sokoni na kwenye nyumba za nyuma ya soko.

“Alute,” mjomba akasema, “mpaka Agosti tutakula nini? Maneno yako?”

Nikamwambia ninalo jambo. Kwenye kompyuta yangu kuna gemu ya mafumbo, mimi naiita Nyumba ya Makufuli. Haina kupigana wala kukimbiza magari. Uko ndani ya nyumba kubwa, kila chumba kimefungwa, kila kufuli lina fumbo lake. Ukifumbua, mlango unafunguka na hadithi inasogea. Ziko sehemu tatu. Nitaunganisha na televisheni, nitacheza mimi, nitasimulia mimi, watu watasaidia kufumbua. Kazi za shamba zikiisha saa kumi na moja, watu wanataka pa kukaa.

Kefa, fundi simu wa pale sokoni, alikuwa amesimama anasikiliza. Huyu kijana ametoka Singida mjini na anadhani gemu zote duniani ni za baba yake. “Utaanza na ipi?” akauliza.

“Ya tatu.”

“Ya tatu? Una wazimu?”

Nikamweleza mbele ya watu. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyotoka mwanzo: msichana anaamka ndani ya nyumba, baba yake fundi saa hayupo, anaanza kumtafuta. Ya pili bado anamtafuta. Ya tatu ilitoka mwisho, lakini hadithi yake inarudi nyuma, siku ambazo baba mwenyewe alikuwa anajiandaa kuondoka. Sasa ukifuata matukio, mwanzo ni ipi? Huko mtandaoni watu wanabishana juu ya hili kama Simba na Yanga.

“Aliyetengeneza hakuwa mjinga,” Kefa akasema. “Cheza kama zilivyotoka.”

“Wewe ukimsimulia bibi yako hadithi unaanzia katikati?”

Watu wakacheka. Nikiwachekesha watu huwa nahesabu nimeshinda. Sikumwambia Kefa kwamba sijamaliza hata sehemu moja. Nimesoma mabishano tu.

Jumanne, 27 Mei

Umeme hakuna kutwa. Alizeti za shamba la chini zimeinamisha vichwa, wiki ijayo tunakata.

Jumatano, 28 Mei

Asubuhi amekuja Severina, mke wa Lazaro. Lazaro ni rika langu, tumekua pamoja, kwa hiyo mkewe ananiita shemeji. Kila mwaka mumewe anakwenda Rungwa kurina asali kwenye mizinga yake, na kila mwaka mavuno ya alizeti yakianza anakuwa amesharudi. Safari hii kimya. Simu haipatikani tangu baada ya Pasaka.

“Shemeji, nisaidie na hiyo spika yako,” akasema. “Tangaza kwamba mwenye safari ya upande wa Rungwa aniambie. Mwenyekiti wa kitongoji amesema tukikutana mkutanoni atachagua wanaume wawili waende. Mimi na mtoto huyu mgongoni nitakwenda vipi?”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Lazaro ni mwanaume, porini amepazoea. Akaniangalia. “Ndiyo maana naogopa. Mtu aliyepazoea hachelewi.”

Nitatangaza Jumamosi, watu wakiwa wengi.

Jumamosi, 31 Mei

Kibanda kimejaa mpaka watu wamekaa chini! Mjomba amecheka mpaka nimeliona jino lake la nyuma.

Nimetangaza kwanza habari ya Lazaro, kama nilivyoahidi. Kisha nikawasha sehemu ya tatu. Baba anaonekana kwenye karakana yake ya saa, anafungasha begi, anafunga mlango mmoja baada ya mwingine, taratibu. Kazi ya DJ ni kuileta hadithi nyumbani. Mzungu ana jina lisilotamkika, mimi nampa jina la hapa, ndivyo tunavyofanya siku zote. Nilitaka kumwita Hosea. Lakini mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akapiga kelele, “Anafunga mizigo? Huyo si Lazaro!”

Kibanda kikalipuka. Na mimi, mdomo wangu huu haungoji kutumwa, nikasema kwenye maiki: “Eeeh, Lazaro huyo! Anakwenda Rungwa!” Wakapiga benchi kwa viganja. Basi akawa Lazaro. Mke anayeonekana kwenye picha ukutani nikamwita Severina. Kuna mwanamke mwingine wa skafu ya kijani anayekuja kugonga dirisha, nikasema huyu ni mke wa porini, amevaa kitenge cha kijani. Nikamsemea Lazaro: “Twende mama, huko kwako hakuna kupura alizeti!”

Hilo la alizeti limewaua. Mzee mmoja alitoka nje kufuta machozi. Hata Philipo, kaka mkubwa wa Lazaro, alikuwa anatikisika mabega.

Sijawahi kushangiliwa hivi.

Jumapili, 1 Juni

Kutoka kanisani watoto wamenifuata njia nzima. “Huko kwako hakuna kupura alizeti!”

Jumanne, 3 Juni

Upepo ulioanza wiki iliyopita umezidi, ule wa kipupwe, unatoka mashariki na vumbi lake. Tumekata alizeti kutwa. Jioni vyumba vitatu vimefunguka, watu wanafumbua kwa makelele. Lazaro wa kwenye televisheni amefika chumba cha mwisho.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimejiaibisha, ingawa hakuna aliyejua.

Chumba cha mwisho kina saa kubwa ukutani na kioo mkabala nayo. Unatakiwa upange mishale. Nimepanga saa sita, saa tatu, saa tisa. Watu wamekisia kila namna. Kufuli halikusogea. Muda ukaenda, wa nyuma wakaanza kupiga miayo, mmoja akasema, “DJ, si ulituambia ulishaimaliza?” Kefa alikuwa ameegemea nguzo, amefumba mdomo, ananitazama tu. Laiti angecheka.

Nikazima. Nikasema: “Gemu inaishia hapa. Lazaro ametoka na mwanamke wake, mlango amefunga kwa nyuma, wanaishi huko raha mustarehe. Wiki ijayo tunaona Severina anavyomtafuta bure.”

Wakapiga makofi. Wakaridhika kabisa. Mimi nikakusanya waya huku masikio yanawaka moto, maana kile nilichowaambia nilikitoa kichwani.

Jumatatu, 9 Juni

Kefa kaniuliza kama nilifika chumba cha kioo. Nikamjibu nilikimaliza zamani. “Ulionaje mwisho wake?” akauliza. Nikamwambia nina haraka.

Hatujaanza sehemu ya kwanza. Watu wako shambani mpaka giza.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwenye mashine ya kukamua alizeti, foleni ndefu, tumekaa juu ya magunia. Mbele yangu alikuwa mwanaume wa kijiji cha pili, simjui, hanijui. Akaanza kupiga soga. “Kwenu huko kuna jamaa anaitwa Lazaro, eti?”

“Yupo.”

“Hatari sana yule. Ameoa Rungwa. Ameacha mke na watoto na alizeti shambani.”

Nikamuuliza amesikia wapi.

“Ah, inajulikana! Kuna mtu amemwona kwa macho yake. Mwanamke mwenyewe mrefu, anavaa kitenge cha kijani.”

Kitenge cha kijani ni changu mimi, nilikitunga nikiwa nimeshika maiki. Kimetoka kibandani, kimezunguka vijiji, kimerudi kwangu kimeshakuwa ushahidi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, “Kaka, hiyo ni gemu, na aliyesema ni mimi.” Watu walikuwa wengi. Nikasema, “Dunia ina mambo.”

Jumamosi, 14 Juni

Leo ndio mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti, mzee Godfrey, alifungua kwa habari ya kutuma wanaume wawili Rungwa. Severina alikuwa amekaa na wanawake wenzake, ananyonyesha mtoto.

Philipo akasimama. Ni kaka wa aliyepotea, wote tukatega masikio. Akasema jana alipigiwa simu na namba asiyoijua, mtandao unakatikakatika. Mtu akamwambia, “Mimi niko Rungwa, ndugu yako Lazaro yuko kwetu kambini.”

“Nikamkatiza hapo hapo,” Philipo akasema. “Nikamwambia, habari zenu tumeshazipata, mwambie akae huko huko na mke wake! Nikakata. Wazee wangu, mtu mzima aliyeondoka kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake. Tuvune alizeti.”

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema ile ya kupura alizeti, wakacheka zaidi. Mzee Godfrey akasema basi, kama yupo na anajulikana alipo, hapana haja ya kuwasumbua watu wakati wa mavuno.

Na mimi nilicheka. Naandika ili nisije kujidanganya baadaye. Nilicheka kwa sababu wote walikuwa wananigeukia mimi, mwenye neno.

Severina aliondoka kabla ya mkutano kufungwa. Hakuaga.

Jumatatu, 16 Juni

Upepo. Vumbi mpaka kwenye ugali.

Jumanne, 17 Juni

Severina amekuja nyumbani kwangu, saa mbili asubuhi, na binti yake Flora kamshika mkono. Nilikuwa napepeta alizeti. Nikamwekea kigoda, akakataa kukaa.

“Shemeji, nimekuja unijibu jambo moja. Jumamosi ile uliyotangaza habari ya mume wangu, upepo ulikuwa unaleta sauti yako mpaka uani kwangu. Nilikuwa napura mtama. Nimesikia jina langu. Nimesikia jina la mume wangu. Nimesikia mnavyocheka.”

Nikasema, “Shemeji, ilikuwa utani tu.”

“Utani nimeuelewa. Mimi si mtoto.” Akamwambia Flora aende kuangalia kuku, akangoja mpaka ameondoka. “Wewe na Lazaro hamfichani kitu. Kama alikuambia, niambie. Kama ana mwanamke, niambie tu, shemeji, sitalia hapa kwako. Huwezi kusema mbele ya kijiji kizima mpaka kitenge cha mtu kama hujui kitu.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanamke wa watu alikuwa amefikiri najua. Alikuwa amekaa siku zote hizo akiamini kwamba mimi, rafiki wa mumewe, nilikuwa napitisha ukweli kwa njia ya mzaha, kama watu wanavyofanya hapa wanapoogopa kusema neno ana kwa ana.

Ilikuwa rahisi. Maneno machache tu: Sijui chochote, nilitunga. Lakini ningesema nilitunga, angeniuliza kwa nini. Ningemjibu nini? Kwamba saa ya kwenye gemu ilinishinda? Kwamba Kefa alikuwa ananitazama?

Nikasema: “Mimi nilisikia tu watu wakisema.”

“Watu gani?”

“Watu.”

Kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau, akanishukuru. “Asante, shemeji. Angalau wewe hukunificha.” Akamwita Flora, wakaondoka.

Nimeshindwa kula mchana. Mke wangu Joyce kaniuliza naumwa nini, nikamwambia tumbo. Mimi ni mwongo, na tena mwoga. Mwongo mwenye ujasiri angalau angesimama na uongo wake. Mimi nimeupeleka kwa “watu.”

Jumatano, 18 Juni

Sikwenda kibandani.

Ijumaa, 20 Juni

Nilitoka kwenda kwa Severina kumwambia. Nilifika kwenye miiba ya ua wake. Alikuwa anaimba anapura. Nikarudi.

Jumapili, 22 Juni

Severina ameondoka. Amekwenda Rungwa peke yake na mtoto mgongoni. Flora na mdogo wake amewaacha kwa bibi yao, mama yake Lazaro. Nimepita kumsalimia bibi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, Alute. Kumbe wewe ndiye unayesimulia?”

“Ndiyo mama.”

Akasema kwamba mkwewe amevaa vitenge vyake vya sikukuu na kupaka mafuta. “Nikamwuliza, unakwenda porini umevaa hivyo? Akanijibu, mama, siwezi kwenda kumkuta mke mwenzangu nimevaa matambara.” Bibi akatikisa kichwa na kuendelea kuchambua choroko. “Amekwenda kugombana. Sijui kama atapata wa kugombana naye.”

Jumatano, 25 Juni

Mjomba amegoma, anasema kibanda hakiwezi kufungwa kwa ajili ya tumbo langu. Nimewasha sehemu ya kwanza. Sikumpa mtu jina. Watu walilalamika, “DJ, mbona leo umepoa?” Msichana ni “msichana,” baba ni “baba.”

Yule msichana anaingia chumba baada ya chumba. Hajui kama baba yake ameondoka au ameibwa au amekufa. Anaita tu. Ukifungua sanduku unakuta miwani yake, unakuta kikombe chake bado kina chai. Ungeianza hii bila kujua lolote, moyo ungekuuma. Kila mtu angetaka kumwona huyu baba anapatikana. Lakini wenzangu walikuwa wanacheka. Msichana akiita, wa nyuma wanamjibu, “Yuko Rungwa!” Hawawezi kumhurumia kwa sababu niliwaambia mwisho kabla ya mwanzo, na mwisho wenyewe wa uongo.

Chumba cha nne kina saa na kioo. Ni kidogo, cha kujifunzia. Kefa akanyoosha kidole. “Usiitazame saa yenyewe. Itazame ndani ya kioo, panga mishale kama inavyoonekana humo.” Kufuli likafunguka mara moja.

Nikamgeukia. “Kumbe.”

“Hapa ndipo inapokufundisha,” akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. “Ukianza na ya tatu hujafundishwa. Ndiyo maana ulikwama.”

Alijua tangu siku ile. Hakunisema mbele ya watu. Hilo nalo limeniuma.

Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi, kibanda kikiwa kitupu, mimi na Kefa tumerudi chumba cha mwisho cha sehemu ya tatu. Nikapanga mishale kwa kioo. Kufuli likaanguka.

Yule mwanamke wa skafu ya kijani ni mkunga. Alikuja kumwita baba kwa sababu mke wake alikuwa na uchungu mji wa pili. Baba akafunga milango ili mtoto asitoke akapotea, akakimbia, na kwenye mlango wa mwisho sakafu ikavunjika akaanguka chini ya nyumba. Muda wote ambao binti anamtafuta, sehemu ya kwanza na ya pili, yeye yuko chini ya miguu yake, anaita.

Kefa akasema, “Ndiyo maana inatakiwa iwe ya mwisho.” Nikamwambia nyamaza. Nilikuwa nawaza ile simu ya Philipo. Mtu alisema, “ndugu yako yuko kwetu kambini.” Hakusema ana mke. Mke nilimleta mimi.

Ijumaa, 4 Julai

Severina amempigia Philipo kwa simu ya mtu. Lazaro yuko kwenye kambi ya warina asali. Alianguka kutoka juu ya mti na mzinga wake, paja likavunjika, simu ikapasukia hapo hapo. Wenzake walimfunga mguu kwa vijiti. Mvua ilikuwa imekata njia, baadaye walivyoweza kupanda mlimani kwenye mtandao wakapiga namba pekee aliyokuwa ameikariri, ya kaka yake. Kaka yake akawaambia akae huko huko na mke wake. Wakadhani ndugu zake wamemkataa. Wakamficha Lazaro jibu hilo. Yeye alikuwa anaamini watu wako njiani wanakuja.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda kwa Philipo. Amekaa kwenye gogo nyuma ya zizi.

“Kaka,” nikamwambia, “yule mwanamke hakuwepo. Mimi ndiye niliyemtunga.”

Hakunyanyua kichwa. “Mimi ndiye niliyekata simu,” akasema.

Nilitaka anitukane. Tumekaa hapo mpaka ng’ombe wakarudi kutoka malishoni.

Jumamosi, 12 Julai

Wamerudi, baada ya kupita hospitali. Mfupa umeunga upande. Daktari kasema ungewahiwa mapema ungenyooka, sasa atatembea kwa magongo, labda maisha. Kijiji kizima kimekwenda kumpa pole. Mimi nilisimama nyuma ya watu. Lazaro akaniona, akapunga mkono: “Alute! Mbona unajificha, ndugu yangu?” Hajui. Severina alikuwa anagawa uji, kikombe changu akakiweka chini mbele yangu, hakunipa mkononi.

Jumanne, 15 Julai

Lazaro ameambiwa. Flora ndiye aliyemwambia, kwa ule wimbo wa watoto wa kupura alizeti. Akamwuliza mkewe maana yake.

Jumamosi, 19 Julai

Amekuja.

Saa kumi na moja, watu wamejaa kusubiri filamu, nikasikia magongo kwenye changarawe. Philipo nyuma yake. Severina akabaki mlangoni amefunga mikono. Watu wakampisha Lazaro benchi la mbele, akanyoosha mguu wake ule.

“Nasikia nimo humo ndani,” akasema.

Hakuna aliyecheka.

Nikamwambia, “Ndugu yangu, tuanze na ya kwanza, ndiyo nzuri.”

“Hapana. Niwekee waliyoanza nayo wenzangu.”

Nikawasha. Mkono ukaenda kuzima spika ya nje. Akauliza, “Siku ile ilikuwa imezimwa?” Nikaiacha. Upepo ulikuwa ule ule wa mashariki.

Nikaanza kusimulia: baba anafungasha begi lake. “Anaitwa nani?” Lazaro akauliza. Nikajifanya natafuta kitufe. “Alute, anaitwa nani?”

“Lazaro,” nikasema kwenye maiki.

“Endelea.”

Nikaendelea. Nilisema yote kama nilivyoyasema, kwa sababu alishayasikia yote kwa mkewe, na kila niliporuka aliniambia nirudi. Nikamtaja Severina naye yuko mlangoni. Nikasema kitenge cha kijani. Nilipofika kwenye lile la alizeti, nikalisema hivyo hivyo. Wale waliopiga mabenchi siku ile walikuwa wanaangalia miguu yao. Nilitamani ardhi ipasuke.

Chumba cha mwisho nikapanga saa kwa kioo. Sakafu ikavunjika, baba akaanguka, akaanza kuita kwa Kiingereza.

“Anasema nini?” Lazaro akauliza.

“Anasema, niko hapa chini. Njooni.”

“Siku ile uliwaambia anasema nini?”

“Siku ile sikufika hapa. Fumbo lilinishinda.”

“Ukasema amekwenda kwa mwanamke.”

“Ndiyo.”

“Ulisikia wapi kwamba nina mwanamke?”

Maiki ilikuwa bado mdomoni. Kila neno letu lilikuwa linatoka nje, sokoni na nyumba za nyuma ya soko zinasikia. Nikaiona swichi. Sikuigusa.

“Sikusikia popote,” nikasema. “Nilitunga. Na Severina aliponiuliza nikamwambia nimesikia watu wakisema. Hakuna watu. Ni mimi.”

Mlangoni Severina alifunika uso kwa khanga. Lazaro akatazama televisheni, yule baba bado anaita chini ya sakafu, inajirudia mpaka ubonyeze.

“Na anayemtafuta yuko kwenye ipi?”

“Ya kwanza.”

“Kwa nini hukuanza na hiyo?”

Jibu lake nilikuwa nalo tangu Mei, la mpangilio wa matukio, la wanaobishana mtandaoni. Nikasema, “Nilitaka mnione najua.”

Akaokota magongo yake. Philipo akamshika kwapa, wakatoka. Watu nao wakatoka mmoja mmoja.

Jumapili, 20 Julai

Flora kaleta ujumbe wa mama yake. Alizeti yao ya mwisho bado iko shambani, kesho watu wanakwenda kuwasaidia kupura, na mimi niende. Ila nifanye kazi nimefunga mdomo.

Nitakwenda.